Barua kwa Mwanangu Aliye Shuleni Tanga

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika pale unaposema kwamba mwenzako wa bwenini amekushauri uote jua kila adhuhuri ili mifupa isikose vitamini D, nilivua miwani. Nia yake ni njema, na nusu ya maneno yake ni kweli, kwani vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi yenyewe ikipigwa na mionzi ya jua, na mtoto anayeikosa kwa muda mrefu hupata matege.

Alichosahau ni kwamba ngozi hazifanani. Melanini inayoifanya ngozi yangu iwe nyeusi huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo mimi hulazimika kukaa juani muda mrefu ndipo nipate kiasi ambacho wewe, uliyezaliwa na ualbino, hukipata kwa muda mfupi tu. Tena ngozi ikishatengeneza ya kutosha, jua lile lile huanza kuivunja ile inayozidi. Kinachoendelea kuongezeka ni kuungua, na huko ndiko itokako saratani ya ngozi.

Najua ninachokisema. Ulipokuwa na miaka minne nilikupeleka pwani bila kofia wakati nikingoja ngalawa, na mabega yako yalitoka malengelenge. Kosa lilikuwa langu, wala mama yako hajanisamehe.

Hapo Tanga jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mwembe. Ukilazimika kutoka kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, vaa mikono mirefu na kofia pana, ujipake mafuta ya kujikinga na jua, urudie kila baada ya saa mbili. Kukaa nyuma ya dirisha nako hakufai, kwa kuwa kioo huizuia mionzi inayotengeneza vitamini na kuipitisha mingine inayodhuru ngozi.

Kula vibua, dagaa na kiini cha yai. Mtu wa umri wako huhitaji uniti 600 (IU) za vitamini D kwa siku, lakini vidonge usinunue mwenyewe, maana vikizidi hupandisha kalisi katika damu. Daktari akupime kwanza.

Kofia mpya na chupa mbili za mafuta nimempa dereva wa basi. Vichukue stendi ya Kange Jumamosi, jioni jua likishapungua.

Baba yako