Madaraka ya gavana yasipunguzwe baada ya kura kuhesabiwa

Mhariri,

Msomaji wako mmoja ameandika akitaka magavana wa kaunti zetu wapewe nguvu kama za wenzao wa Marekani. Mimi ni Mkenya ninayeishi North Carolina, na niliposoma barua yake nilijiuliza ni gavana yupi huyo anayemwonea kijicho. Marekani ina magavana 50, kila mmoja na katiba ya jimbo lake. Huyu wa huku kwetu amekuwa akipimiwa madaraka tone kwa tone tangu ofisi yake iundwe, na akizubaa kidogo hupokonywa hata hayo machache.

Woga huu wa gavana mwenye nguvu una asili yake. Enzi za ukoloni gavana aliteuliwa na mfalme wa Uingereza. William Tryon, aliyeshika wadhifa huo mwaka 1765, aliwatoza watu kodi ili kasri lijengwe mjini New Bern. Wakulima wa bara, ambao tayari walikuwa wamechoka kukamuliwa ada na makarani na masherifu, wakagoma kulipa. Mei 16, 1771 Tryon akawapiga kwa jeshi pale Alamance. Basi wajumbe walipokutana Halifax Desemba 1776 kuandika katiba yao wenyewe, hakuna aliyetaka kusikia habari ya gavana mwenye nguvu. Bunge ndilo lililomchagua, kwa muhula wa mwaka mmoja, na hakuruhusiwa kukaa zaidi ya miaka 3 katika kila miaka 6. Kura ya turufu, yaani haki ya kukataa mswada wa bunge, hakupewa. Husimuliwa kwamba mjumbe mmoja alipoulizwa gavana amepewa mamlaka gani, alijibu: ya kutia sahihi risiti ya mshahara wake.

Marekebisho ya 1835 yaliwapa wapiga kura haki ya kumchagua gavana moja kwa moja, na hayo hayo yakawanyima kura watu weusi huru waliokuwa wakipiga hadi wakati huo. Muhula wa miaka 4 ulikuja na katiba ya 1868. Kugombea muhula wa pili mfululizo hakukuruhusiwa hadi 1977. Kura ya turufu ilipatikana 1996, North Carolina ikiwa jimbo la mwisho kabisa Marekani kumpa gavana wake silaha hiyo.

Katika historia hiyo yote, kisa ninachotamani kila Mkenya akijue ni cha William Woods Holden. Alichaguliwa 1868, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, kwa kura za watu weusi waliotoka utumwani pamoja na wazungu waliokubali mambo mapya. Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu waliowatisha watu weusi, wakajibu kwa mauaji. Februari 1870 walimtoa Wyatt Outlaw, askari mweusi wa mji wa Graham, nyumbani kwake usiku, wakamnyonga kwenye mti karibu na mahakama ya kaunti. Mei mwaka huo seneta John W. Stephens aliuawa ndani ya jengo la mahakama la Yanceyville, huku mkutano wa siasa ukiendelea ghorofa ya juu. Holden akatangaza kwamba kaunti za Alamance na Caswell zimeasi, akapeleka wanamgambo chini ya George W. Kirk, na watu wengi wakatiwa mbaroni. Hapo ndipo gavana wa North Carolina alipoyatumia madaraka yake hadi mwisho. Wapinzani wake wakashinda uchaguzi wa bunge Agosti, wakamfungulia mashtaka, na Machi 22, 1871 Seneti ikamtimua. Ndiye gavana wa kwanza Marekani kuondolewa kwa njia hiyo. Seneti ya jimbo ilimsamehe mwaka 2011, wakati yeye na waliomhukumu wote walikuwa wamezikwa zamani.

Leo gavana ni kamanda wa wanamgambo wa jimbo, anatayarisha bajeti, anateua mawaziri wake, anaweza kusamehe wafungwa. Ukisikia hivyo utadhani ni rais mdogo. Lakini wapo maafisa wengine tisa wanaochaguliwa na jimbo zima, kila mmoja kwa kura yake: Mwanasheria Mkuu, Mkaguzi wa Hesabu, Mweka Hazina, hadi wakuu wa kilimo, kazi na bima. Hawa gavana hawateui wala hawezi kuwafuta. Mswada anaoukataa hurudishwa bungeni na kupitishwa tena kwa kura tatu kati ya kila tano za wabunge waliohudhuria. Na kuna miswada asiyoruhusiwa hata kuigusa, ukiwemo ule wa kuchora mipaka ya maeneo ya ubunge. Kwa hivyo wabunge hujichorea wenyewe mipaka ya kuwapa wingi wa kutosha kumshinda gavana, naye hana la kufanya.

Naibu wake pia huchaguliwa kivyake. Kenya tunapiga kura moja kwa gavana na mgombea mwenza. Huku unaweza kupata gavana wa chama cha Democratic na naibu wa chama cha Republican, na gavana akivuka mpaka wa jimbo, naibu anakaimu. Oktoba 2023 Roy Cooper wa Democratic, gavana wa wakati huo, alikuwa Japani na naibu wake Mark Robinson, hasimu wake wa kisiasa, akatumia siku hizo kutoa tangazo rasmi la kuiunga mkono Israeli. Mwaka uliofuata Cooper alipojiondoa katika orodha ya waliofikiriwa kuwa wagombea wenza wa Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic, alitaja hofu ya kile ambacho naibu huyo angefanya yeye akiwa safarini. Je, msomaji wako angependa gavana wake aogope kusafiri?

Lakini kinachonifanya nishike kalamu ni mengine. Mwaka 2016 Cooper alimshinda gavana Pat McCrory wa Republican kwa kura kama 10,000 hivi. Desemba, kabla hajaapishwa, bunge lililotawaliwa na Republican likaitisha kikao maalum. Idadi ya wafanyakazi ambao gavana anaweza kuwaajiri na kuwafuta kwa hiari yake, ambayo bunge lilikuwa limempandishia McCrory hadi 1,500, ikashushwa hadi 425. Mawaziri wakatakiwa kuidhinishwa na Seneti. McCrory, akiwa bado na kalamu mkononi, akatia sahihi.

Mwaka 2024 mchezo ukarudiwa. Josh Stein wa Democratic alishinda ugavana kwa pengo kubwa, na Republican wakapoteza kiti kilichokuwa kikiwapa wingi wa kumpiku gavana katika baraza la chini. Kabla wabunge wapya hawajaingia, wale wa zamani wakapitisha mswada wa kurasa kama 130 uliopewa jina la msaada wa maafa. Kimbunga Helene kilikuwa kimeua zaidi ya watu 100 milimani magharibi mwa jimbo, na watu walikuwa bado hawana makao. Sehemu kubwa ya mswada huo ilihusu mambo mengine kabisa, likiwemo hili: uteuzi wa bodi ya uchaguzi ukaondolewa kwa gavana na kupewa Mkaguzi wa Hesabu, kiti ambacho Republican walikuwa wamekishinda. Cooper aliukataa mswada, bunge likampiku. Mahakama moja ilisema sheria hiyo inakiuka katiba, ya rufaa ikaruhusu iendelee, na Mei 2025 mkaguzi akachukua usukani wa uchaguzi.

Nisionekane kupendelea upande. Republican Jim Gardner aliposhinda unaibu gavana 1988, Democratic waliokuwa wakitawala Seneti walimvua mamlaka ya kuteua kamati. Chama kisichofanya hivyo huku labda ni kile ambacho hakijapata nafasi.

Wapiga kura wenyewe hawaupendi mchezo huu. Mwaka 2018 waliulizwa kama bunge lipewe uteuzi wa bodi ya uchaguzi kupitia marekebisho ya katiba. Magavana watano wa zamani waliokuwa hai, wa vyama vyote viwili, walisimama pamoja Raleigh kupinga, na zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura wakasema hapana.

Kwetu, bunge la kaunti linaweza kumshtaki gavana na Seneti ikamwondoa, kama ilivyomfika Mike Sonko Desemba 2020. Haliwezi kumwacha kitini huku likigawa kazi zake kwa mtu mwingine, kwa sababu kazi hizo zimeandikwa katika Katiba ya 2010. Ulinzi huo magavana wengi wa Marekani wangeutamani.

Kwa hivyo kama kuna wabunge wanaotaka kuongeza au kupunguza madaraka ya magavana wetu, iwe kwa sheria au kwa kura ya maoni, wafanye hivyo mapema kabla ya uchaguzi wa 2027, na mabadiliko yaanze na yule atakayechaguliwa akiyajua.

Msomaji wako,
Raleigh, North Carolina