Nirudishieni Silikanti Wangu Kabla Hajapimwa kwa Kilo

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya wafanyabiashara wadogo, Tanga

YAH: SANAMU YA SAMAKI ILIYOCHUKULIWA JUMANNE JIONI

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na familia yako.

Jina lako sitaliandika hapa, wala la ofisi yako. Tumelelewa Tanga, na mtu mzima haanikwi barabarani. Ukisoma utajijua. Nimekuandikia mara mbili kabla ya hii, barua zote kwa mkono wangu, zote nikazipeleka mwenyewe mpaka mapokezi, na ya pili ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Ya kwanza ina miezi saba sasa. Sikujibiwa hata kwa neno "subiri". Hii ya tatu naiweka mbele za watu kwa ajili ya lililotokea Jumanne, na kwa sababu siku nilizobakiwa nazo ni chache.

Jumanne jioni, saa kumi na moja kasoro, ilikuja kirikuu na askari mgambo wanne pale ninapopanga sanamu zangu, chini ya mwarobaini, kando ya barabara iendayo Raskazone. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimekwenda kununua luku. Aliyekuwepo ni kijana ninayemfundisha kazi. Akawaomba, "Kaka zangu, mzee hayuko mbali, msubirini kidogo." Hawakumsubiri mzee. Walipakia kaa watatu, pweza, jogoo niliyemtengeneza kwa vijiko na uma, na mwisho wakambeba silikanti, yule samaki wa kale. Mmoja wao alimshika mkiani. Kijana wangu anasema alisikia kitu kikilia "ka!" walipomtupa juu ya wenzake. Alipouliza kosa letu, akajibiwa kwamba vyuma chakavu haviruhusiwi kuwekwa barabarani.

Vyuma chakavu, Mheshimiwa. Ningeambiwa nimeziba njia ya waenda kwa miguu, ningejibu hoja. Ningedaiwa ushuru, ningetoa risiti, ninazo zote kwenye bahasha. Lakini hilo neno limenikaa kifuani tangu Jumanne, na kwa kuwa hukuwepo, acha nikueleze ni nini hasa kilichopakiwa kwenye lile gari.

Silikanti unamjua. Dunia nzima iliamini ametoweka miaka milioni 65 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu wavuvi walianza kumnasa kwenye majarife, nyavu za papa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 Serikali ikamtengea hifadhi yake ya bahari hapa hapa Tanga. Mimi nilimwona mmoja Kigombe, mwaka 2005, amelazwa juu ya makuti. Nilichuchumaa mbele yake mpaka miguu ikafa ganzi. Mapezi yake hayakuota ubavuni kama ya changu au kolekole. Yalisimama juu ya vikonyo vya nyama, kama viganja kwenye mikono mifupi, na katikati ya mkia palichomoza mkia mwingine mdogo. Rangi yake bluu iliyoiva, na madoa meupe hayana mpango. Nilirudi nyumbani nikamchora kwa chaki ukutani. Tangu siku hiyo nimejaribu kumtengeneza mara nne, na mara tatu nilimkata mwenyewe kwa grinda kwa sababu hakuwa yeye.

Huyu wa nne alikuwa yeye. Ana urefu wa mita moja na nusu, saizi ya samaki mwenyewe akiwa mzima. Mifupa yake ni nondo za milimita 10. Magamba niliyakata kwa tindo kutoka kwenye mapipa ya mafuta, moja baada ya jingine, yamefika 612. Miale ya mapezi ni spoku za baiskeli, na Tanga hatujawahi kukosa baiskeli. Vikonyo ni cheni za pikipiki nilizozikunja na kuzichomelea pingili kwa pingili, ili pezi lionekane linataka kukanyaga chini. Macho ni beringi. Madoa meupe ni matone ya vijiti vya kuchomelea vya chuma kisichoshika kutu, ambavyo bei ya kimoja inanunua vya kawaida vya kujaza mkono mzima.

Bluu sikuipaka. Chuma kilichosuguliwa kwa msasa mpaka king'ae, ukikipasha moto taratibu, hugeuka rangi ya nyasi kavu, kikaja kahawia, kikaja zambarau, halafu bluu. Hiyo bluu huja kwenye nyuzijoto kama 300 hivi za Selsiasi, na haikungoji. Ukichelewa kuondoa moto inakwenda kijivu, nawe unaanza upya na msasa. Nimefanya hivyo gamba kwa gamba, usiku, kwa sababu mchana jua linadanganya macho na rangi huioni ikibadilika. Kwa wiki sita nimelala na macho yanayowasha kama yametiwa mchanga, kama wajuavyo mafundi wote wa kuchomelea. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinikanda kwa kitambaa cha maji baridi.

Na sasa sikiliza linalonikimbiza, Mheshimiwa. Nilikusudia kumpaka vanishi siku ya Alhamisi. Amechukuliwa Jumanne. Bluu ile haina kinga yoyote bila vanishi. Upepo wetu huu wa baharini una chumvi, na umande wa usiku mmoja unatosha kuanzisha kutu. Nimekwenda hadi kwenye uzio wa yadi alikowekwa. Nimemwona kwa mbali, ubavu wake wa kulia uko juu ya tope, na pezi moja limelala. Mlinzi, kijana mstaarabu tu, alinong'ona: "Baba, nenda kaongee na wakubwa mapema. Vilivyomo humu vinauzwa kwa mnunuzi wa skrepa mwisho wa mwezi, kwa kilo."

Samaki huyu ana kilo 47. Mnunuzi akitoa hata shilingi 1,000 kwa kilo, ni shilingi 47,000. Mteja wangu, mwenye nyumba ya wageni huko Pangani, amekubali shilingi 950,000 na amekwisha nitangulizia 450,000. Fedha hiyo haipo tena. Imekuwa umeme, diski za grinda, vijiti, na ada ya mwanangu wa kidato cha tatu. Nikiambiwa niirudishe kesho, nitauza mashine ya kuchomelea, na nikiiuza hiyo, sina kazi nyingine ninayoijua duniani.

Lakini nisikufiche, hata ingekuwa hakuna mteja ningeandika.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za korona, zile zinazochakata mkonge, katika shamba moja upande wa Muheza. Enzi hizo mkonge ndio uliokuwa fahari yetu. Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000. Zilipokuja kamba za nailoni na mashamba yakadorora, mashine zilikaa miaka zikila kutu, na siku moja akaja mtu na mzani. Gia ambazo baba alizichonga meno kwa tupa, zenye alama yake aliyoigonga kwa tindo pembeni, zilipandishwa mzanini pamoja na mabati ya choo. Baba alisimama chini ya mkorosho akitazama. Hakusema neno siku ile, na siku iliyofuata hakula. Gia moja ndogo ilidondoka garini, nikaiokota. Nimeitunza tangu nikiwa mtoto. Mwaka huu niliona imepata mahali pake, nikaichomelea ndani ya kifua cha silikanti, penye moyo. Kwa nje haionekani. Askari wako hawakuweza kujua, na siwalaumu kwa hilo. Lakini wewe sasa umejua.

Nikukumbushe na jingine. Mwaka juzi, kwenye kikao chetu cha wajasiriamali, ulisimama ukasema kwamba kabla mwaka haujaisha mafundi wa sanaa wa Tanga watapata eneo lao, lenye paa, umeme na choo. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Nilikuja mbele nikakuzawadia pweza wa chuma. Ulimpokea kwa mikono miwili ukaniambia, "Fundi, hii ni hazina ya Tanga." Picha ninayo kwenye simu. Na pweza yuko kwenye meza yako hadi leo, nilimwona nilipoleta barua ya pili, maana mlango ulikuwa wazi. Mikono yake minane ni cheni za pikipiki. Kichwa chake ni kengele ya baiskeli na kipande cha pipa. Ametoka kwenye rundo lile lile alilotoka silikanti. Wa kwako akawa hazina, wa kwangu amekuwaje chakavu?

Nani alitoa amri, mitaani yanasemwa mengi. Wapo wanaosema kuna ugeni mkubwa unakuja na barabara ile inatakiwa iwe nyeupe. Wapo wanaosema pale chini ya mwarobaini pameshapata mwenyewe, anataka kuweka mgahawa. Mimi nadhani sababu ni wizi wa vyuma. Mifuniko ya mitaro inang'olewa, alama za barabarani zinakatwa, nyaya zinaibwa, na vya relini pia. Viwanda vinavyoyeyusha chuma kutengeneza nondo vinahitaji mali kila siku, na wapo wanaopeleka chochote. Jambo hilo linaniuma kuliko linavyowauma ninyi, kwa sababu kila mwizi akikamatwa, macho ya watu yanageukia kwetu mafundi. Reli iendayo Moshi ilianzia hapa Tanga mwaka 1893, nimekua nikiisikia inavyolia. Nikiletewa kipande chake nakitambua hata kabla hakijashushwa begani, na aliyekileta anaondoka nacho. Nina daftari: nani kaniuzia, kitu gani, kilo ngapi, tarehe, na simu yake. Hakuna aliyewahi kuniomba nimwonyeshe. Njooni mlitazame, hata kesho asubuhi.

Sikai pale kwa ujeuri. Mwaka 2019 nililipa shilingi 20,000 nikapewa kitambulisho cha mjasiriamali, tukaambiwa mwenye nacho asisumbuliwe. Nimekiweka kwenye nailoni kisichakae. Ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri nimeisikiliza vizuri kila mlipoitangaza: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mimi si mwanamke, mwili ninao mzima alhamdulillah, na ujana umeshanipita. Sikulalamika, nikachomelea. Ninyi mnapopanga mji, mnaona karakana ya geti na madirisha, mnaona duka la vinyago vya mbao, lakini mtu anayetengeneza kunguru kwa plagi za pikipiki hamjui mmwandike mstari gani. Dar es Salaam wachonga vinyago wana soko lao la Mwenge, na wageni wanapelekwa kwa mabasi. Edward Saidi Tingatinga naye alipita huku kwetu, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla hajaenda Dar es Salaam na kuanza kuchora kwa rangi za kupakia baiskeli. Leo michoro ya jina lake inauzwa Ulaya na Japani. Alipokuwa Tanga hakuna aliyemwona. Sijifananishi naye. Nasema tu kwamba mji huu umeshawahi kumwacha mtu akapita.

Nilikuwa nimeandika hapa maombi kadhaa. Lile eneo uliloahidi. Kitu cha kuandikwa kwenye leseni, ili fundi wa sanamu asiitwe muuza skrepa. Kijana wangu aombwe radhi, maana alisukumwa akachanika kiwiko. Yote hayo bado nayataka. Lakini nimesoma barua tena usiku huu, mvua inapiga bati, na ninachokiwaza ni samaki aliyelala kwenye tope. Basi mengine yangoje. Kaa na jogoo wabaki huko ikibidi, faini mniandikie, nitailipa kidogo kidogo. Nirudishieni silikanti.

Kama kuna karatasi inayotakiwa kusainiwa, nitakuja kuisaini hata alfajiri. Kama kibali cha kumtoa kinatoka kwa mtu mwingine, nielekeze ni nani, nitakaa mlangoni kwake. Mkokoteni nimeshauazima kwa jirani yangu wa barabara ya 13, Ngamiani, na kijana wangu atausukuma. Gari lenu silihitaji.

Na ikiwa uamuzi utachukua siku mbili tatu, nakuomba kitu kidogo leo hii, kabla ya giza. Mpigie simu mlinzi wa yadi amfunike kwa turubai, au hata gunia la katani. Wakimsogeza, wamshike tumboni kwa mikono miwili. Mkiani wasimshike, pale ndipo penye ufa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa sanamu za chuma,
Ngamiani, Tanga