Barua kwa mwanangu: lala Kisumu kwa shangazi yako

Mwanangu,

Habari za safari yako na wenzako wa darasani kwenda Mbita, kule Ziwa Victoria, nimezipata kwa mdogo wako, naye kaziona kwenye simu. Nyumba hii yote, hata kijana wa maziwa, alijua kabla yangu. Hayo tuyaache. Nendeni. Sikuandikii kukukataza.

Kinachoninyima usingizi ni kurudi. Naambiwa Jumapili mtatoka kisiwani jioni, mfike Kisumu, mpande basi la usiku hadi Nairobi ili Jumatatu mwingie darasani. Yaani mtateremka ile miteremko ya ajali ya Sachangwan na Salgaa usiku wa manane, ninyi watano mmelala midomo wazi, na dereva naye ana usingizi wake. Mtapita Nakuru hapa mimi niko kitandani nahesabu magari.

Ajali ya Migaa, barabara hiyohiyo, unaijua. Desemba 31, 2017, saa tisa usiku, basi na lori, wakafa watu 36. Utanijibu kwamba ajali ya Londiani 2023 ilitokea jua halijatua. Ni kweli, walikufa zaidi ya 50, na wengine walikuwa wamekaa tu kando ya barabara wakiuza bidhaa zao. Mchana pia unaua. Lakini mchana dereva anaona, na wewe unamwona dereva. Lala Kisumu kwa shangazi. Nimeshamwambia, kitanda kipo.

Baba yako anasema nimezidi. Yeye aliendesha lori usiku miaka yote ile, na hajui mtu anayesubiri husikiliza nini.

Hadithi ya safari yangu na rafiki yangu Mama Brayo, gari kuharibika njiani, leso moja, hiyo umeisikia mpaka ukachoka. Ambalo sijakwambia ni kwamba kabla ya siku ile hatukuwa marafiki. Tulikaa dawati moja, tukasengenya watu walewale, basi. Njiani ndipo nilipomwona. Ilibaki chapati moja. Akaikata vipande viwili, kimoja kikatoka kikubwa, akaviweka juu ya gazeti na kuniambia nichague kwanza. Naye aliniona mimi nikinuna kwa sababu ya kiti cha dirishani, mtu mzima mzima. Baba yako alipolazwa nilijua nimpigie nani simu.

Wazee walisema ukitaka kumjua mtu safiri naye. Mimi naongeza: safiri naye hadi pesa ziishe. Siku za darasani zinafanana, miaka ikipita zinakuwa siku moja tu. Siku ya safari haichanganyiki na nyingine. Ndiyo maana nasema nendeni. Yule rafiki yako mwenye maneno mengi, mtazame kivuko kikichelewa na njaa ikiuma, halafu uniambie.

Tena kivuko. Kutoka Luanda K'Otieno pandeni kile kikubwa kinachobeba magari, msishawishiwe na boti eti linaondoka sasa hivi. Mkitaka kisiwa cha Mfangano, nendeni asubuhi ziwa likiwa limetulia, kwani mchana upepo huinuka. Vaa jaketi la kuokolea na ufunge kamba zote, wacha wenzako wacheke. Na kuvuka giza limeingia, hapana. Giza la majini na giza la barabarani kwangu ni moja.

Pale kisiwa cha Rusinga mpite kwenye kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa, lile lililojengwa kwa umbo la risasi. Waulize wenyeji kuhusu ndege aliyoipanga mwaka 1959 iliyowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani. Babu yako alitamani awe wa 82 mpaka anaingia kaburini.

Nasikia nauli umejilipia kwa kusuka wenzako nywele. Nimewatangazia akina mama wa jumuiya, usinikasirikie. Ila mwezi jana uliniambia huna hata ya sabuni, nikatuma. Tutaongea.

Hapa hatujambo. Ng'ombe amezaa, ndama jike, anakunywa vizuri. Tangi linavuja kule chini, fundi alikuja akalitazama, akaomba chai, akaenda. Mdogo wako amevua viatu vya shule vikiwa vimeachia soli zote mbili, anasema ni mpira, mimi nasema ni uzembe.

Shangazi ukienda usiende mikono mitupu, mpelekee sukari na majani ya chai, na usikae kwake na simu mkononi usiku kucha. Basi la asubuhi lipo. Somo moja la Jumatatu mwenzako atakuandikia, si ndio urafiki wenyewe huo?

Mkipita Mbita ninunulie omena gorogoro mbili, iliyoanikwa juu ya nyavu, si ile ya mchangani, ile hata uioshe mara ngapi unatafuna kokoto. Pesa nitatuma Ijumaa wakilipa maziwa. Mpitie hapa Nakuru Jumatatu mchana ninyi wote watano, nitapika.

Mama yako