Sojourner Truth sio hotuba moja tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Sojourner Truth, yule mama Mmarekani mweusi aliyetoka utumwani akapigania kukomesha utumwa na haki za wanawake, nimeisoma yote na nashukuru mmemkumbuka, ila mmefanya kama wengine wote, mmeanza na hotuba aliyoitoa 1851 kwenye mkutano wa haki za wanawake Akron, Ohio, na mkaishia hapohapo. Na lile swali la "kwani mimi si mwanamke?" mlilolichapa kwa herufi kubwa halimo kwenye gazeti lililotoa habari ya mkutano ule mwaka uleule, limekuja kutokea 1863 kwenye maandishi ya Frances Gage, mwanamke aliyeongoza mkutano ule, miaka 12 imeshapita, tena Gage kaandika kana kwamba aliongea kama mtumwa wa mashamba ya Kusini mwa Marekani wakati mama huyu kazaliwa jimbo la New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba kesi ya mwanae hamkuigusa kabisa.

Alizaliwa kama 1797 akiitwa Isabella, na alipokuwa na miaka 9 hivi akauzwa pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100. Bwana wake wa baadaye, John Dumont, alimuahidi kumwachia mwaka mmoja kabla sheria ya jimbo haijamaliza utumwa Julai 4, 1827, halafu akageuka, eti mkono wa Isabella uliumia kwa hiyo kazi haijatimia. Isabella akamaliza kusokota sufu aliyoona ni haki ya Dumont, kisha mwishoni mwa 1826, alfajiri, akabeba kichanga chake Sophia akaondoka kwa miguu. Familia ya Van Wagenen ikampokea, na Dumont alipokuja kumdai wakamlipa dola 20 yakaisha.

Sasa kuna Peter, mtoto wake wa kiume wa kama miaka 5, Dumont alishamuuza na akapita mkono kwa mkono mpaka akafika Alabama, jimbo la Kusini, wakati sheria ya New York ilikataza kabisa kumuuza mtumwa nje ya jimbo. Hebu fikirieni, huyu mama hajui kusoma wala kuandika, hana hela, juzijuzi tu yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu, anakwenda kwa mke wa Dumont anadharauliwa, eti makelele yote haya kwa ajili ya katoto kamoja, naye anamjibu kwamba mwanangu nitampata tu. Akaenda mahakamani Kingston, Waquaker, watu wa dhehebu la Kikristo lililopinga utumwa, wakamsaidia, na 1828 mtoto akarudishwa. Alirudi na makovu mwili mzima, na mbele ya hakimu kwanza akamkana mama yake huku analia, maana alishatiwa hofu. Hapo ndipo mimi huwa nashindwa kuendelea kusoma, nafunga kwanza.

Wala sio hadithi ya kusimuliana tu, karatasi za kesi hiyo zilitambuliwa 2022 kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo la New York.

Jina la Sojourner Truth alijipa mwenyewe 1843, miaka 15 baada ya kesi, yaani alishinda mahakamani kabla hajajulikana na mtu yeyote. Ndio maana 1865 kondakta wa tramu Washington alipomsukuma mpaka akamuumiza bega, alimshtaki na kondakta akapoteza kazi. 1872, wanawake wakiwa bado hawaruhusiwi, alikwenda kupiga kura Battle Creek, Michigan, wakamrudisha. Na miaka ileile alizunguka kukusanya saini ili serikali iwape ardhi ya Magharibi watu waliotoka utumwani, Bunge halikufanya kitu, na hili nalo halimo kwenye makala yenu. Hata picha mliyoweka, ile amekaa na nyuzi za kufuma, ni katika zile alizokuwa anaziuza mwenyewe apate hela ya kuishi na ya kuendesha kazi yake.

Alifariki Novemba 26, 1883. Tarehe hiyo ikifika naomba mwandike tena, na safari hii muanze na Peter.

Msomaji wenu