Tunakabidhi kazi, uamuzi tunabaki nao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wamiliki wenzangu wa biashara kuhusu lalamiko tunalolirudia kila tunapokutana, kwamba wafanyakazi wa siku hizi hawawezi kuachiwa kazi. Nami nililitoa lalamiko hilo kwa miaka mingi, hadi nilipougua na kulala kitandani siku 11, ndipo nikatambua kwamba watu wangu nilikuwa nimewapa kazi tu, ilhali uamuzi wote nilikuwa nimeushikilia mwenyewe.

Mtunza ghala wangu alikuwa ameona mapema kwamba maboksi ya kufungashia yanakaribia kwisha. Alijaza fomu ya kuagiza, akaandika idadi sahihi na jina la msambazaji, kisha akaiweka juu ya meza yangu, mahali ambapo fomu zote husubiri saini. Niliporudi niliikuta palepale, chini ya fomu nyingine nne, na mteja aliyekuwa akingoja mzigo alikuwa amekwisha kwenda kwingine. Nilipomuuliza kwa nini hakuagiza, alinijibu kwa upole: "Bosi, ulisema hakiagizwi kitu bila saini yako." Alisema kweli, na jibu hilo lingali linanikaa moyoni.

Mfaransa Henri Fayol, mhandisi aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1916 kanuni 14 za uongozi, na katika mojawapo aliyafunga pamoja mamlaka na wajibu. Sisi huvitenganisha: wajibu humwangukia mfanyakazi mambo yanapoharibika, lakini mamlaka ya kuyazuia yasiharibike yamo mfukoni mwa mwenye mali.

Tuliketi na mtunza ghala tukaandika mipaka. Akiba ikishuka chini ya kiwango tulichokubaliana, anaagiza bila kuniuliza, mradi bei isizidi ile ya mara ya mwisho kwa zaidi ya asilimia 10; ikizidi hapo, tunashauriana. Namna ya kuzungumza na wasambazaji nilimwachia yeye, na nakiri kwamba hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu hafanyi kama ambavyo ningefanya mimi. Mwezi wa pili aliagiza kupita kiasi, fedha zikakwama ghalani kwa wiki kadhaa. Nilizungumza naye faraghani, tukarekebisha hesabu ya kiwango, na sikumnyang'anya mamlaka, kwa kuwa mtu anayepokonywa madaraka kwa kosa la kwanza hatathubutu tena kuamua jambo lolote.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoibiwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kugawa hatua. Kwangu anayeagiza siye anayepokea mzigo na kuuhesabu, na wala siye anayelipa. Taarifa ya benki naisoma mwenyewe kila mwezi, mstari kwa mstari. Kukasimu madaraka si kutelekeza biashara. Mbele ya mteja na mbele ya mamlaka ya kodi, anayewajibika bado ni mwenye biashara, hata kama kazi imefanywa na mwingine.

Nawasihi pia wenzangu wajihadhari na tabia ya kuipokea tena kazi waliyokwisha kuitoa. Mfanyakazi anapoingia na tatizo, sisi husema haraka "niachie nitaliangalia", naye hutoka akiwa amepumzika, huku mzigo ukiwa umerudi mezani petu. Siku hizi humuuliza kwanza, "Wewe unapendekeza nini?" na mara nyingi huwa tayari analo jibu, tena zuri.

Mtunza ghala sasa anamfundisha mwenzake kazi hiyo ya kuagiza. Fomu wanayotumia tuliichapisha upya, na sehemu ya saini yangu haimo tena.

Msomaji wako,
Mmiliki wa biashara ndogo