Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: Kibali kinauliza mti, hakimuulizi anayepanda juu yake kuukata

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gogo la mkaratusi hapa Uyole. Mikono inanuka petroli, na vidole viwili vya mkono wa kulia vina ganzi tangu asubuhi. Habari ya vidole nitaifikia. Nianze na fomu.

Mtu akitaka kukata mti mjini anajaza fomu ya kuomba kibali. Ile niliyojaza mara ya mwisho, katika halmashauri moja kati ya saba za mkoa wako, iliniuliza aina ya mti, idadi, mahali ulipo na sababu ya kuukata. Nikaigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa wa pili. Mweupe. Hakuna palipouliza nani atapanda juu, kajifunga na nini, matawi yatashushwaje, wala umeme utazimwa na nani. Afisa akagonga muhuri, akaniambia, "Muwe waangalifu huko juu, kaka." Nikamwitikia, maana ni kijana mwenye adabu zake, lakini uangalifu haufungwi kiunoni.

Kazi hii nilianzia Mufindi, kwenye mipaina ya Sao Hill. Kule ni kuangusha. Unachonga mdomo upande unaotaka mti ulalie, unahamia nyuma yake na kukata, ila hukati ukamaliza. Katikati unaacha kipande cha mbao kiwe kama bawaba ya mlango, na mti unainama taratibu ukikifuata. Watu wote wanakuwa wamesogea mbali, angalau urefu wa mti mara mbili. Sasa pima umbali huo pale Mwanjelwa, Mheshimiwa. Utakuta nyumba nne, choo, banda la kuku na waya wa umeme wa TANESCO. Mti wa mjini hauna pa kuangukia. Inabidi uuteremshe vipande vipande kuanzia kileleni, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, ingawa chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ni ileile na wengi hudhani aliyeweza msituni ataweza na hapa.

Niruhusu nikueleze inavyokwenda, maana ukishaona kamba inavyobeba utajua kwa nini naililia fomu. Mpandaji anafunga kapi kwenye shina, au kwenye tawi nene lililo hai, juu ya pale atakapokata. Kamba inapita kwenye kapi, ncha moja inafungwa kwenye kipande kinachokatwa, ncha ya pili inashuka hadi kwa mshika kamba. Huyu haishiki kamba mikononi tu kama anayeteka maji kisimani. Anaizungusha kwenye shina la mti chini, mizunguko mitatu au minne kwa kadiri ya uzito, ili msuguano ndio ubebe mzigo na mikono yake iwe ya kuongoza. Kipande kikishakatika anaiachia kamba itembee kidogo ndipo aibane polepole. Akiibana ghafla, mshtuko wake unaweza kuwa mara kadhaa ya uzito wenyewe, na mti wote unatikisika na mtu wako akiwa juu.

Mkaratusi mbichi una uzito unaokaribiana na wa maji. Kipande cha mita 1 tu chenye upana wa sentimita 40 kinapita kilo 100, yaani zaidi ya mifuko miwili ya saruji. Kikining'inia kwenye kapi bila hata kucheza, lile tawi lililofungwa kapi halibebi kilo 100, linabeba karibu 200, kwa sababu upande mmoja kuna kipande na upande wa pili kuna mvuto wa kamba inayokizuia. Hesabu hii sikuijua kwa miaka sita ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama naijua.

Niliijua kwa njia mbaya. Taasisi moja hapa mkoani ilikuwa na mkaratusi mkubwa ulioinamia paa la ofisi. Wakapokea bei kwa watu watatu, wakachukua ya chini, ambayo ilikuwa yangu. Wakasema umalizike siku hiyohiyo kwa sababu kesho yake kuna wageni. Sikuwa na kapi. Nilikuwa na kamba moja ya katani niliyoazima, ambayo kwa nje ilionekana nzima (katani huozea ndani, haikuonyeshi), nikaipitisha kwenye panda ya tawi. Gome la mkaratusi likishabambuka huwa laini kama kigae, na kulikuwa na manyunyu. Mshika kamba wangu alikuwa kijana, siku yake ya pili kazini. Sikumwonyesha kuzungusha kwenye shina. Tena nikakata mita mbili badala ya moja ili tumalize mapema.

Yule kijana alikuwa na kilo sitini hivi. Alikuwa ameviringisha kamba kwenye kiganja. Nilimwona anakuja juu kama ndoo ya kisima huku gogo likishuka, bega lake likagonga tawi, kamba ikamchuna kiganja mpaka nyama ikaonekana, akaachia. Gogo likaingia ofisini kupitia kwenye bati. Mtulinga wa kijana ulivunjika. Jioni taasisi ilikata bei ya mabati kwenye malipo yetu, na kilichobaki kikaenda hospitali.

Kosa la kwanza ni langu na silikwepi. Lakini tazama yaliyofuata. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu 2008, na mfuko wake unachangiwa na mwajiri. Mwajiri wa yule kijana alikuwa nani? Taasisi ilisema fundi ndiye mwajiri. Mimi nami ni kibarua kama yeye, tofauti yetu ni kwamba chenso ni yangu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya 2003, nayo ipo, ila mti wa mtu uani kwake hakuna anayeuona kama mahali pa kazi. Leo kijana anauza maparachichi barabara ya Tukuyu. Tukikutana tunasalimiana vizuri. Mkono hapandishi zaidi ya sikio.

Chenso yenyewe wengi wanaiogopa kwa sababu ya kelele, ambazo kweli zinapita desibeli 100, na nusu ya mafundi ninaowajua ukiwaita kwa nyuma hawageuki. Lakini cha kuogopa zaidi ni teke. Ile robo ya juu ya ncha ya upanga, kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka, ikigusa mbao wakati mnyororo unakimbia, mashine nzima inaruka kukurudia usoni, haraka kuliko unavyoweza kupepesa macho. Chini unaweza kuwa umesimama imara, mikono yote miwili kwenye mipini. Juu unaning'inia, umekunja kiuno, na mkono mmoja unatamani kushika tawi. Ndiyo maana anayekata akiwa juu hutakiwa awe amefungwa sehemu mbili, kamba ya kupandia na mkanda wa pili kiunoni wenye waya wa chuma ndani, kwa sababu mnyororo unaokata mkaratusi haushindwi kukata kamba yako. Nimeona vijana hapa Mbeya wanapanda na mkanda uliotolewa kwenye kiti cha lori. Nami nimeshapanda na mkanda kama huo.

Na vidole, nilivyosema. Mtetemo wa mashine kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu na fahamu za vidole, na baridi huzidisha. Sisi kazi yetu tumeifanyia Mufindi na Mbeya, ambako Juni na Julai ukiamka asubuhi nyasi zina barafu. Vidole vinageuka vyeupe kama nta, halafu vinachoma vikipata moto. Siku hizi shati langu anafunga vifungo mke wangu. Glavu zinasaidia kuweka joto, mashine iliyo na mipira mizima ya kupunguza mtetemo inasaidia zaidi, na mnyororo ulionolewa kwa tupa kila mara ujazapo tangi husaidia kuliko vyote kwa sababu huhitaji kuisukuma mashine. Tupa ni bei ya chai na maandazi.

Jambo dogo la pembeni, kwa kuwa nimeshika kalamu. Miti mingi tunayoitwa "kuikata kichwa" haikuhitaji kukatwa kichwa. Mkaratusi uliokatwa kichwa huchipua matawi mengi yaliyoshikilia juu juu tu kwenye gome, na baada ya miaka michache ndiyo yanayodondoka na upepo. Watu wanalipia hatari waliyokuwa hawana. Nami nimelipwa, kwa hiyo siwezi kupiga kelele sana.

Ninachokuomba ni kimoja, na kiko ndani ya uwezo wako maana wakurugenzi wote saba unakaa nao meza moja. Ule ukurasa mweupe nyuma ya fomu uandikwe. Uulize jina la atakayepanda na la mshika kamba. Uulize kama kuna kapi, kamba ya kushushia iliyo tofauti na kamba ya kupandia, kofia ngumu na mkanda. Mti ukiwa karibu na waya, uulize kama TANESCO wamepewa taarifa ya kuzima. Na shule, zahanati au ofisi ya umma ikitaka kukatiwa mti, isichukue bei ya chini kabla ya kuviona vifaa hivyo kwa macho. Mwenye kamba ya katani ya kuazima atakuwa rahisi siku zote. Nilikuwa mimi.

Utaambiwa hakuna mafundi wenye vyeti. Ni kweli, lakini VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunzia kazini. Waashi na wapishi wameupitia. Pale Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, na watu wanaoijua chenso. Tupimwe nasi, tuliopo tayari, kabla hujafikiria kutafuta wapya.

Mvua zikianza Novemba simu zitakuwa nyingi. Kila mwenye mti ulioegemea paa anautazama upya usiku wa kwanza wa upepo, asubuhi anataka mtu, tena leo leo. Ingefaa fomu iwe imebadilika kabla ya hapo.

Ukitaka kuona kamba inavyofanya kazi, nitakuja na kapi langu, nina moja zuri siku hizi, nikufungie kwenye mti wowote wa pale ofisini bila kukata hata jani. Isiwe Jumanne tu. Jumanne nina mgravilea Soweto ya hapa mjini, uko juu ya chumba cha watoto, na mwenye nyumba nimeshamwahidi.

Wako mtiifu,
Fundi wa miti, Mbeya