Mtepe haupigiliwi misumari

Mhariri,

Mwezi jana nilipita duka moja la vinyago huku Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Ngomeni (Fort Jesus). Kwenye rafu palikuwa na chombo kidogo cha baharini, cha mbao, cha pambo, kilichobandikwa karatasi: "Mtepe wa asili wa Waswahili." Nikakinyanyua. Mbao zilikuwa zimepigiliwa misumari midogo ya viatu, na tanga lilikuwa la pembe tatu, la kitambaa cheupe. Nikamwambia kijana aliyekuwa akiuza kwamba hili ni jahazi, na kwa ujahazi wake si baya, ila mtepe, chombo cha kale cha kushonwa kwa kamba, si huu. Akanijibu kwa adabu: "Ami, mgeni ajuaje?"

Jibu hilo sijaweza kulisahau. Mgeni hajui, sawa. Lakini kijana yule ni mtoto wa hapa hapa, na yeye pia hakujua mpaka nilipomweleza.

Mimi ni fundi cherehani, Makadara. Mchana nashona kanzu. Usiku, watoto wakishalala, naunda vyombo vidogo vya mbao, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Nilianza na ngalawa, nikaenda kwenye mashua, kisha jahazi. Mambo ya jahazi niliyapata kwa kukaa Bandari ya Kale, nikiwatazama mafundi wakitia kalafati, pamba ikishindiliwa kati ya mbao na mbao. Wazee wale walinitajia kila kiungo kwa jina lake: mkuku ulio uti wa chombo, mataruma yaliyo mbavu zake, omo ya mbele, tezi ya nyuma, na foromali inayobeba tanga. Hawakunificha kitu.

Mtepe ndio ulionishika moyo, kwa sababu ni kazi yangu hasa. Mtepe unashonwa. Mbao hutobolewa kando kwa kekee, zikashikizwa kwa vijiti, kisha zikashonwa kwa kamba ya usumba, yaani makumbi ya nazi yaliyofukiwa majini mpaka yakalainika, yakapondwa, yakasokotwa. Kamba ikishapita, tundu huzibwa kwa kigingi. Chuma hakimo. Tanga lake ni mkeka wa pembe nne, na omo yake hutoka mbele kama shingo ya ngamia, imechorwa macho. Chombo cha namna hiyo kikigusa mwamba hulegea kidogo kikapita, hakivunjiki upesi. Ila kilikuwa kikivuja, na mabaharia hawakuacha kuteka maji na kuyamwaga nje safari nzima.

Ushonaji huu ni wa kale mno. Kitabu kimoja cha mabaharia cha Kiyunani, cha karne ya kwanza, kinataja mji wa biashara wa pwani hii ulioitwa Rhapta, na kinaeleza kuwa jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Wareno walipoanza kujenga Ngome mwaka 1593, hatua chache kutoka duka lile, ufundi huu ulikuwa umeshapita miaka 1,400. Na baada yao mitepe iliendelea kupakia boriti za Lamu mpaka karne ya ishirini. Sasa kitu kilichoishi umri wote huo tukibandikie jina lake kwenye chombo cha misumari?

Mtepe wangu ni wa urefu wa sentimita 60. Kila sentimita 3 za chombo cha kweli, kwangu ni milimita 1. Mbao ni mabaki ya mkangazi kutoka kwa seremala wa Mwembe Tayari. Naziloweka katika maji ya moto, nazikunja taratibu, nazibana kwa vibanio vya nguo hadi zikauke. Usumba kwa kipimo hicho ni mnene mno, kwa hiyo nimetumia uzi wa kitani, nikauchovya kwenye chai ya rangi na kuupaka nta. Mashimo ni 1,140, nimeyatoboa yote kwa mkono.

Ubao wa kwanza ulinipasukia. Nilivuta uzi kama ninavyovuta kwenye kola ya kanzu. Kitambaa ukikikaza hujikunja, unafumua, unaanza upya; ubao hupasuka kufuata mstari wa matundu, na kazi ya miezi mitatu ikaisha hapo. Nililia, Mhariri, mtu mzima mimi. Usiku ule ndipo nilipofahamu kuwa mshonaji wa mtepe alikuwa akiusikiliza ubao kwa vidole.

Mwaka 2009 nilikwenda Unguja nikauona mtepe mzima ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe lililokuwa makumbusho, uliotengenezwa upya kwa ajili ya makumbusho. Nilikaa chini yake hadi msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Desemba 2020 sehemu ya jumba lile iliporomoka, na tangu siku hiyo nimeharakisha kazi yangu.

Sitaki kumkatia mtu riziki. Jahazi liuzwe, na liandikwe jahazi. Lina heshima yake na halihitaji kuazima jina. Atakayetaka kuuza mtepe na aushone, hata ukiwa wa urefu wa kiganja. Walimu wa shule zetu nao, badala ya kuwapa watoto kuchora tu, wangewapa vibao viwili, sindano na uzi. Binti yangu wa darasa la tano alishona vibao vyake siku moja ya Jumamosi, akavitia ndani ya karai la maji, akaona maji yanavyopenya taratibu. Tangu hapo hajaniuliza tena kwa nini nakesha.

Kwangu limebaki tanga. Shangazi yangu ndiye anayelisuka. Anaupasua ukindu kwa ncha ya sindano ili ukili uwe mwembamba wa kutosha, na keshafumua mara mbili kwa kutoridhika. Likikamilika nitalifunga foromali, kisha nitauchukua mtepe mikononi hadi duka lile. Namwomba kijana yule, kama atasoma barua hii, aniwekee nafasi kwenye rafu kwa siku moja tu, kando ya jahazi lake.

Fundi wa kanzu,
Makadara, Mombasa